Shangazi wa Runinga: Maiti Sebuleni, Chai Mkononi

Toleo lililopita niliandika mistari minne tu, pembeni kabisa mwa ukurasa huu, kwamba Jumapili jioni msinitafute kwa sababu nakuwa na filamu zangu za upelelezi, zile za mauaji yasiyo na damu. Nilikuwa natania. Barua zilizokuja zimejaza kikapu, na mhariri ameniambia safari hii nijibu hizo tu. Walioniuliza kuhusu wakwe zao wavumilie hadi toleo lijalo.

Kwa asiyezijua: ni filamu zinazotengenezwa kwa ajili ya runinga, si za kwenye kumbi za sinema. Kuna mji mdogo mzuri. Kuna mwanamke mwenye shughuli yake. Anaoka keki, anauza vitu vya kale, au anatunza maktaba. Mtu anakufa mapema, kwa kawaida mtu ambaye hakuna aliyempenda, na kabla ya saa mbili kwisha, matangazo ya biashara yakiwemo, muuaji ameshafungwa pingu na wengine wamerudi kunywa kahawa. Hakuna matumbo nje. Hakuna matusi. Paka haguswi. Nyingi siku hizi zinatoka kwenye chaneli za Hallmark huko Marekani, kampuni iliyoanza mwaka 1910 kwa kuuza kadi, na ukizitazama vizuri kadi bado unaiona: taa dirishani, ua mlangoni, maneno mazuri mwishoni. Kilichoongezeka ni maiti.

*

Shikamoo Shangazi. Mimi ni mwanamume wa miaka 41, mhasibu, nina akili timamu. Wenzangu kazini hutazama tamthilia nzito za majambazi na wala rushwa, na kila Jumatatu huzijadili kama maprofesa. Mimi nakuwa nimemtazama mwoka keki akimkamata muuaji. Nanyamaza. Lakini kinachonisumbua zaidi si aibu. Ni kwamba mtu ameuawa, nami nimejifunika blanketi, nimestarehe. Je, nina kasoro?
Mhasibu wa Blanketi

Marahaba, mwanangu. Kama ni kasoro, unayo pamoja na watu wakubwa. Mshairi W. H. Auden aliandika insha mwaka 1948 akakiri kwamba hadithi za upelelezi kwake ni uraibu kama tumbaku au pombe. Akiwa na kazi ya kufanya hathubutu kuigusa hata moja, maana akishaianza hafanyi kazi wala halali mpaka aimalize. Na akishaimaliza anaisahau. Huyo ni mmoja wa washairi wakubwa wa karne yake, na yeye pia alijifunika blanketi.

Auden huyohuyo alilieleza hilo linalokukera moyoni. Alisema maiti katika hadithi hizi inatakiwa ishtue kwa jinsi ilivyokaa pasipo pake, kama mbwa aliyejisaidia juu ya zulia la sebuleni. Ndiyo maana mji lazima uwe mzuri, nyasi zimekatwa, majirani wanasalimiana. Kwenye tamthilia za wenzako zulia limechafuka tangu mwanzo, hata ukileta mbwa kumi hakuna atakayegeuza shingo. Kwa hiyo wewe hufurahii kifo, mwanangu. Umekaa unasubiri zulia lisafishwe.

Hapo mimi na Auden tunaachana njiani, kwa sababu zulia likisafishwa na polisi, mimi nazima runinga nikalale. Ninachotaka kukiona ni nani kalisafisha, na kwa ujuzi gani.

Nilifanya kazi ya kusoma prufu miaka 27. Ni kazi ya kuona kitu ambacho hakuna atakayekushukuru kwa kukiona: nukta iliyohama, jina lililoandikwa kwa «r» ukurasa wa 3 na kwa «l» ukurasa wa 40. Ukikosea, simu inalia. Ukipatia, kimya. Sasa nifikirie jioni moja nimekaa, nikamwona mwanamke kwenye runinga anagundua kwamba wosia ni wa kughushi, kwa sababu aliyeupiga chapa anaacha nafasi mbili baada ya nukta, na marehemu maisha yake yote aliacha moja. Nilisimama. Nilimpigia makofi, peke yangu sebuleni, saa tatu usiku.

Huo ndio utamu wenyewe, na ndio unaowapita wenzako wa Jumatatu. Katika filamu hizi, ujuzi unaodharauliwa ndio unaofungua kesi. Mwoka keki anajua unga ule haungeweza kuumuka kwa muda ambao mshukiwa anadai alikuwa jikoni. Muuza vitu vya kale anageuza kiti juu chini na kuona skrubu mpya kwenye mbao za zamani. Mkutubi anakumbuka nani aliazima kitabu cha mimea yenye sumu, na kwamba alikirudisha kabla ya siku yake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Hata umbea unapata heshima yake. Miss Marple, bibi mpelelezi aliyebuniwa na Agatha Christie na kuanza kwenye riwaya mwaka 1930, hana maabara wala bastola. Ana sufu, sindano za kufumia, na kumbukumbu ya kila mtu kijijini kwake. Mhalifu akija amevaa suti ya gharama, yeye anamwona kijana fulani wa pale kijijini aliyedanganya kwa namna ileile.

Na tazama wanaopewa kazi hiyo. BBC walipoanza kumwonyesha Miss Marple mwaka 1984, mwigizaji wake, Joan Hickson, alikuwa na miaka 78. Mwaka huohuo, CBS ya Marekani ikaanza Murder, She Wrote, na Angela Lansbury akiwa na miaka 58 akawa Jessica Fletcher: mjane, mwalimu mstaafu wa Kiingereza, mwandishi wa riwaya. Kipindi kilidumu misimu 12, sehemu 264. Niambie ni tamthilia gani nzito inayompa mwanamke wa umri huo neno la mwisho, na wanaume wote chumbani wamenyamaza wanamsikiliza.

Jumatatu wakikuuliza umetazama nini, wataje hao. Halafu nina malalamiko yangu madogo: wauaji wengi wa filamu hizi wanaua kwa sababu ya pesa walizochota mahali, na ingetosha mtu mmoja kulisoma daftari la hesabu, kesi ikaisha dakika ya ishirini. Wahasibu mmelala.

*

Shangazi, mume wangu humtaja muuaji kabla chai haijapoa. Ananyoosha kidole: «Huyo.» Na mara nyingi anapatia. Kisha anasinzia, ananiacha na saa nzima ya kutazama kitu nilichokwisha kukijua. Nimwachie runinga au nimwachie nyumba?
Mke wa Kidole

Usiache chochote, mama. Kwanza ujue kwamba hapigi ramli.

Mwaka 1929, Ronald Knox, kasisi wa Kikatoliki wa Uingereza aliyekuwa pia akiandika riwaya za upelelezi, alitunga kanuni kumi za kuandika hadithi hizi kwa haki. Ya kwanza inasema mhalifu lazima atajwe mapema. Nyingine inamkataza mpelelezi mwenyewe kuwa mhalifu. Filamu za runinga bado zinatembea kwenye reli hizo, na waigizaji wake ni wachache kwa sababu bajeti ni ndogo. Haya, tuhesabu. Mtoe mpelelezi, mchumba wake wa polisi, rafiki yake mcheshi, mama yake, na paka. Wanabaki watano. Aliyegombana na marehemu mbele ya watu si yeye, hilo tumepewa ili tupotee. Aliyekamatwa mapema si yeye. Mwingine atauawa katikati ya filamu, kwa sababu alijua jambo akapiga simu kusema «nitakueleza tukionana». (Watu hawa hawajifunzi. Kama unajua jina la muuaji, litaje kwenye simu!) Wanabaki wawili, na mume wako anamchagua yule mpole asiye na kazi yoyote kwenye hadithi, lakini sura yake umeiona kwenye filamu nyingine nyingi. Hakuna anayemlipa mwigizaji mzoefu ili amimine kahawa tu.

La pili litakuudhi. Mwaka 2011, watafiti Jonathan Leavitt na Nicholas Christenfeld wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, waliwapa watu hadithi fupi 12, zikiwemo za upelelezi, na baadhi ya wasomaji wakaambiwa mwisho kabla ya kuanza. Kwa wastani, walioambiwa walizifurahia zaidi. Sikwambii hayo ili ukamshukuru bwana, hastahili. Nakwambia ili ile saa moja usiihesabu kuwa hasara. Ukishamjua muuaji, achana na uso wake, tazama mikono. Tazama anavyowahi kubeba trei ili asiulizwe swali. Mwigizaji anajua siri tangu siku ya kwanza, na waigizaji wazuri wanaivujisha kidogo kidogo kwa ajili yako wewe uliye macho, si kwa anayekoroma.

Kuhusu kidole chake, mpe karatasi. Dakika ya ishirini aandike jina, na chini yake aandike sababu na njia, aikunje, muiweke chini ya kikombe. Jina bila sababu halihesabiwi. Utashangaa jinsi kidole kitakavyopungua. Nina daftari la namna hiyo, na naweza kukwambia kwamba «nani» napatia mara nyingi, «kwa nini» mara chache mno. Na «kwa nini» ndiyo filamu yenyewe.

*

Kwa nini polisi wa filamu hizi ni wajinga kiasi hiki?
Sajenti Mstaafu

Wangekuwa werevu, afande, filamu ingekuwa ya dakika tisa. Hata hivyo nakubaliana nawe, wakizidisha inakera. Zilizotengenezwa vizuri zina polisi mwerevu mwenye haraka: ana wakubwa wanaotaka kesi ifungwe, ilhali mwenye duka la vitabu ana mchana mzima. Wasomaji wa Kiswahili si wageni wa jambo hili. Bwana Msa, mpelelezi wa riwaya za Muhammed Said Abdulla, na kiko chake amekuwa akiwatangulia wenye magwanda tangu 1960, na hatukumwandikia barua ya malalamiko.

*

Shangazi, nina swali la hesabu. Mji una kanisa moja, mkahawa mmoja, na kila wiki anauawa mtu. Mbona watu hawahami?
Mpenda Takwimu

Swali hili limewasumbua hata waandishi wenyewe. Cabot Cove, mji wa Jessica Fletcher, ulikuwa unaelekea kubaki na kaburi na posta tu, hivyo mwaka 1991 wakampa nyumba New York, akawa anafundisha elimu ya uhalifu chuoni. Mji mkubwa una watu wa kutosha kufa. Uingereza hawakujali kabisa: Midsomer, wilaya ya kubuni, imekuwa ikiua watu kwenye runinga tangu 1997, na wakishaishiwa njia wanabuni mpya. Kuna aliyeuawa kwa gurudumu la jibini. Sijatunga.

Na hata ukitaka kuhamia huko, utahamia wapi? Cabot Cove ipo Maine, pwani ya mashariki ya Marekani, lakini picha zake nyingi za nje zilipigwa Mendocino, California, pwani ya magharibi, kwa hiyo ukiona jua linazama baharini usimlaumu mtu. Ile miji ya Hallmark inayodai kuwa Minnesota na kwingineko, mingi ni British Columbia, Kanada. Ukizitazama nyingi mfululizo utaanza kuitambua miti. Saint Marie, kisiwa cha kubuni cha tamthilia ya upelelezi Death in Paradise, ni Guadeloupe. Mimi napenda kuvijua vitu hivi. Havinipunguzii raha; prufu ni prufu.

Lakini kama unataka jibu langu la kweli kwa nini hawahami: katika miji ile, ukifa, kuna mtu atauliza. Hata uwe mkorofi kiasi gani, hata polisi waseme umejikwaa, kuna mwanamke wa mtaa wa pili ataona kikombe chako kimewekwa upande wa kushoto na atakumbuka kwamba ulitumia mkono wa kulia. Mimi ningekaa. Ningefunga mlango vizuri, lakini ningekaa.

*

Shangazi, dada yangu alifariki ghafla miezi michache iliyopita. Tuliambiwa ni moyo, basi. Tangu hapo siwezi kutazama taarifa ya habari, wala filamu za huzuni, wala hata vichekesho. Hizi unazozisema ndizo pekee ninazoweza. Mama ameniambia sina haya, kuangalia vifo vya mchezo kwenye nyumba yenye msiba.
Mdogo Wake

Pole sana, mwanangu. Pole kwako na kwa mama.

Kaka yangu aliugua miezi minane, na usiku nilikuwa nalala kwenye kochi karibu na kitanda chake. Nilizitazama sauti ikiwa chini kabisa, nyingine kwa mara ya tatu au ya nne. Kwenye ugonjwa ule kila swali lilikuwa linazaa swali. Niliuliza kwa nini homa imerudi, nikapewa karatasi ya vipimo vingine. Kwenye runinga mwanamke wa miaka sitini aliuliza, «Kwa nini dirisha lilikuwa wazi?» na kabla kaka hajaamka kuomba maji, mwanamke yule alikuwa ameshajibiwa. Sikuwa nimesahau mahali nilipokaa. Nilikuwa nimepumzika kuuliza.

Wewe umeambiwa «moyo, basi». Sishangai kwamba unataka kukaa mahali ambapo neno «basi» halikubaliwi na mtu.

Mama yako haioni filamu. Anaona mtoto wake aliyebaki anatazama maiti na kutabasamu, na hajui uso huo auweke wapi. Usibishane naye. Mkaribishe akae nawe siku moja, mwache aulize «huyu nani, yule nani» kama mama zetu wanavyouliza, umjibu yote hata kama inakupita sehemu muhimu. Akikataa, tazama akishalala.

Na kuna usiku moja itakugusa vibaya. Jina litafanana, au nguo. Izime. Kuna moja ambayo marehemu alivaa sweta ya kijani yenye vifungo vikubwa, nami sikufika mwisho wake mpaka leo. Kwenye daftari langu jina la filamu limeandikwa, tarehe imeandikwa, mstari wa muuaji uko wazi.

*

Shangazi, nisaidie, nina siku tatu silali. Nilikuwa natazama filamu, jina silikumbuka. Mwenye duka la maua, mwanamke mkali sana, anakutwa amekufa dukani asubuhi. Polisi wanatangaza mjini kwamba ni moyo, hawaongezi neno. Kuna mpwa wake mwenye madeni, waligombana mbele ya watu kwenye maonyesho ya maua. Kuna mshindani wake aliyetaka kulinunua duka. Kuna daktari aliyempenda zamani akakataliwa. Na kuna mwanasheria wake, mzee mpole anayegawa keki kwa kila mtu, alilia sana alipopewa habari, maskini, akasema alimwonya siku zote asipande ngazi ile. Mkutubi akawakusanya wote ukumbini, akasema, «Muuaji yumo humu.» Umeme ukakatika!
Gizani

Sijaiona filamu hiyo, mwanangu, ila barua yako naisoma kwa mara ya nne na kalamu nyekundu mkononi.

Mpwa mtoe, amegombana mbele ya watu. Mshindani hana haja ya kuua mtu ili apate duka, angesubiri tu mpwa arithi na kuliuza kwa ajili ya madeni. Daktari nilimkodolea macho kidogo, kwa sababu daktari anaweza kuuita moyo kitu kisichokuwa moyo, lakini hukuniambia kama ndiye aliyemkagua marehemu, na mtu makini kama wewe ungeniambia.

Sasa rudi mahali ulipoandika kuhusu machozi. Polisi walisema moyo, hawakuongeza neno. Nani aliyemwambia mzee habari ya ngazi?

Njia: alimsukuma. Sababu nadhani ni pesa za mteja wake, alizochota taratibu kwa miaka, na mama wa maua siku ile alikuwa ameomba kuziona hesabu (Mhasibu wa Blanketi, unasikia?). Keki sijui zinaingiaje, labda ni keki tu. Nimeiandika kwenye daftari kwa penseli. Ikirudiwa, itazame mpaka mwisho, kisha uniandikie kama nifute.